Siku Tuliyoigiza Kuishi Kwetu

Mama alikuwa amelala chali kwenye kitanda chake mwenyewe, viatu miguuni, mikono kaikunja kifuani kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Pazia jeupe lilikuwa likivuta pumzi na kuitoa. Mimi nilisimama mlangoni na mswaki wake mkononi, nikitafuta pa kuuweka ili uonekane umekaa hapo miaka.

"Vua viatu, Mama," nilimwambia. "Hakuna anayelala kwake na viatu."

"Nitavua wakishafika."

"Anakuja mmoja tu. Na akishafika utakuwa umechelewa."

Akavivua bila kuinuka, akisukuma kisigino cha mguu huu kwa kidole cha mguu ule, kama alivyokuwa akifanya zamani akirudi kutoka kazini. Kiatu kimoja kilianguka sakafuni, kikatoa mlio ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka minne. Nikajikuta nimeshikilia fremu ya mlango.

Tulikuwa tunamsubiri mkaguzi wa jiji.

Nyumba ile ilikuwa ghorofa ya saba, vyumba viwili, na baraza nyembamba inayoitazama ngome kongwe ambayo watalii walikuja kuiona kutoka pande zote za dunia. Baba aliinunua kidogo kidogo, kwa jasho la uashi. Alikuwa mmoja wa waashi waliolisimamisha jengo lenyewe, na watu wakija kututembelea alipenda kugonga ukuta wa sebuleni kwa kifundo cha kidole na kusema, "Huu nimeuinua mimi. Uulizeni." Alipofariki, Mama alishona nguo za watu kwa miaka sita, mpaka vidole vikakakamaa, akawa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Ndipo mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili akamfundisha biashara ya wageni. Unaipiga nyumba picha wakati jua la asubuhi limeingia, unaiweka kwenye simu, unangoja dunia ibishe hodi.

Dunia ikabisha. Mwanzoni wageni walikuja Jumamosi na Jumapili tu, nasi tukawa tunapanda juu ya paa, kwenye chumba cha kufulia, tunatandika godoro kati ya mashine na tangi la maji. Tulichukulia kama mchezo. Mama alicheka usiku ule wa kwanza, akasema tumekuwa njiwa. Kisha Jumamosi ikaimeza Ijumaa, Ijumaa ikaimeza wiki, wiki ikaumeza mwaka. Tukawa tunashuka nyumbani kwetu kwa saa tatu tu, kati ya mgeni anayetoka na mgeni anayeingia, kubadili mashuka na kufuta alama za vidole kwenye vioo. Niliijua nyumba yetu kama msafishaji anavyoijua. Nilijua watu husahau nini: ramani, miwani ya jua, soksi ya mguu mmoja. Lakini mwanga wa jioni unavyotambaa ukutani sebuleni mpaka kwenye kiti alichopenda baba, huo nilikuwa nimeusahau kabisa, kwa sababu jioni hazikuwa zetu tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nililala nikilisikia tangi likijaa na kupungua, na ndoto zangu zote za wakati ule zilikuwa na maji ndani yake. Iko moja iliyorudi mara nyingi. Nashuka ngazi, nafungua mlango wetu kwa ufunguo wangu, na ndani nakuta watu nisiowajua. Hawakasiriki. Wananikaribisha kwa heshima kubwa, wananionyesha choo kiko wapi.

Na Mama akaanza kukohoa. Kuta za chumba kile zilitoa jasho mchana kutwa. Nilipomwambia twende hospitali, alisema ni sabuni ya unga inamkera.

Chini yetu, ghorofa ya sita, aliishi mkunga mstaafu. Ndiye aliyenipokea mimi duniani, na hakuchoka kusimulia kwamba nilitoka nimekunja ngumi. Yeye na Mama hawakuwa wakiachana. Lakini wageni walipozidi, masanduku ya magurudumu yakawa yanapita juu ya dari lake alfajiri, na watu waliovaa kaptura wakawa wanamuuliza kwenye lifti eti taulo safi zinapatikana wapi. Mara ya kwanza alipanda kulalamika kwa upole. Mara ya pili alileta barua, akiwa mwenyekiti wa wakazi. Mara ya tatu hakupanda, aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Mama akambandika jina la Bi Kimya, jina likaenea jengo zima, na urafiki wa miaka thelathini ukaishia hapo. Wakikutana kwenye lifti, kila mmoja alitazama namba za ghorofa zikibadilika.

Hakuwa peke yake aliyechoka. Kati ya nyumba thelathini na mbili za jengo letu, kumi na tisa zilikuwa za wageni. Fundi viatu wa chini alihama, pakawa pa kukodisha baiskeli. Ungeweza kupanda mpaka juu usikutane na mtu anayekujua jina. Basi jiji likapitisha sheria ndogo: nyumba iliyo kwenye jengo la makazi isipangishwe kwa chini ya siku tisini. Ila mwenye nyumba anayeishi mlemle ndani aliruhusiwa kupangisha chumba kimoja kwa wageni wa siku chache, mradi athibitishe kwamba kweli anaishi humo.

"Basi tunaishi humo," Mama alisema, akilikunja gazeti. "Tatizo liko wapi? Hati ina jina langu."

"Tunaishi juu ya paa, Mama."

"Paa la nani? Si la jengo hilohilo?"

Tukaomba kibali. Wakajibu kwamba mkaguzi atafika Jumanne, saa tano.

Jumatatu mchana, mgeni wa mwisho alipoondoka, tukaanza kuyashusha maisha yetu kwa lifti. Nguo za Mama zilizokaa ndani ya masanduku zilikuwa na mikunjo mikali kama karatasi. Tulizitundika kabatini, tukaziachanisha zionekane nyingi. Tukatoa kandambili, kopo la mafuta ya kujipaka, kalenda, sufuria lililoungua kitako. Tulitembea kwa kunyata, kama wezi, ila sisi tulikuwa wezi wa kurudisha. Mama aliiweka picha ya baba juu ya kabati la vyombo, akarudi nyuma kuitazama, akaihamishia kando ya kitanda, kisha akairudisha. Nilimwona akipapasa ukingo wa meza, pale palipokatika siku niliyoangusha pasi nikiwa mdogo, na midomo yake ilikuwa ikicheza kana kwamba anahesabu kitu.

Usiku ulipoingia alinishika mkono. "Twende juu tukalale," alisema. "Tusije tukakunja mashuka."

Nikamfuata. 

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima mwenye mafua, faili bapa kwapani. Alivua viatu mlangoni bila kuombwa. Alitazama bafuni, akatazama kabatini, akainama kuiona picha ya baba. "Ndiye marehemu?" aliuliza. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha Mama akataka kumpa chai, na hapo tukaingia matatani, kwa sababu hakujua sukari iko wapi. Alifungua kabati la kwanza, la pili, la tatu. Wageni walikuwa wamelipanga jiko lile mara mia, kila mmoja kwa akili yake.

"Usijisumbue, mama," mkaguzi alisema. "Mimi hunywa bila sukari."

Utaratibu ulidai jirani mmoja atoe ushahidi, na jirani mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa wakazi. Bi Kimya alipanda polepole, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Hakuwa ameingia kwetu kwa miaka mitatu. Aliangalia kandambili, kalenda, sufuria. Hakuna alichokosa kukielewa. Alijua sisi hatulali pale. Yeye alidhani tumetajirika, tumehamia kwa mama mdogo upande wa pili wa mji.

"Wewe ndiwe jirani wa chini," mkaguzi alisema. "Hawa wanaishi hapa?"

Mama alitazama sakafu. Nilisikia lifti ikishuka mbali ndani ya ukuta, ghorofa baada ya ghorofa.

"Wanaishi," Bi Kimya alisema. "Hatua za huyu nazijua. Kila asubuhi namsikia akitoka kitandani kwenda jikoni. Mguu wa kulia anauburuta kidogo."

Ulikuwa uongo, na ulikuwa kweli. Ndivyo Mama alivyotembea miaka minne nyuma. Mama aligeuza uso dirishani, akausahau huko.

Mkaguzi akatoa kalamu. Mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa kupitisha muda tu, huku akitafuta ukurasa wa kusaini, aliniuliza, "Na wewe binti, unalala chumba kipi?"

Ningesema cha kushoto. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, tuliyafanyia mazoezi. Lakini Mama alikohoa, kikohozi kile cha kuchimba, akakizuia kwa kiganja kama mtu aliyekosa adabu ugenini. Nikaiona kesho yake yote kwa mara moja: kibali kimetundikwa ukutani, mgeni anafika saa nane, Mama anavaa viatu na kupanda ngazi akishikilia ukuta.

"Njoo nikuonyeshe," nilisema.

Mama aliita jina langu mara moja tu. Hakutufuata.

Juu ya paa jua lilikuwa kali na kamba za nguo zilijaa mashuka meupe ya nyumba za wageni, safu kwa safu, yamefura upepo. Tulipita katikati yake, mimi, mkaguzi na Bi Kimya, tukiyafungua kwa mikono kama watu wanaopita ndani ya mawingu. Nikasukuma mlango wa chumba cha kufulia. Godoro. Masanduku mawili. Kioo kidogo kwenye msumari. Bi Kimya alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya godoro upande wa Mama, akakiacha hapo kwa muda mrefu, kama alivyozoea kuwapima wajawazito. Alipokiinua kilikuwa na unyevu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka minne."

"Juu ya kichwa changu," alisema. "Na mimi nagonga dari."

Mkaguzi alipenga kamasi, akaikunja leso yake vizuri. "Unajua ninachotakiwa kuandika."

"Najua."

"Ungesema chumba chochote, binti. Ningekuwa nimeshaondoka."

"Najua, mama."

Akaandika.

Niliporudi chini Mama alikuwa amesimama palepale jikoni. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu kwa siku kumi na moja.

Kibali kilikataliwa, picha za nyumba yetu zikaondolewa kwenye simu za watu. Mimi nikalala chumbani kwangu, nikisikia kimya kisicho na maji. Mama aliendelea kulala juu ya paa, siku tatu nzima, kwa ukaidi. Ya nne Bi Kimya alipanda kumfuata. Sikuwepo ndani, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, na kupitia mlango nilisikia sauti mbili zikibishana, halafu mmoja akilia, sikujua nani. Baadaye mlango ulifunguliwa, wakatoka wamelibeba godoro, kila mmoja ncha yake, wakanipita bila kunitazama, wakateremka nalo ghorofa zote nane mpaka kwenye jalala, wakigombana njia nzima nani anavuta na nani anasukuma.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo, na sitaki kujifanya yalikuwa. Nilipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja. Chumba changu tulimpangisha mwalimu wa hesabu kwa mwaka mzima, kama sheria ilivyoruhusu, nami nikalala sebuleni. Kikohozi kilipungua lakini hakikuisha. Zipo siku, hata sasa ambapo Mama hayupo na nywele zangu zimeanza kubadilika, ninapojiuliza kama nilikuwa na haki ya kuchagua kwa niaba yake. Aliishi miaka tisa zaidi. Hatukuwahi kulizungumza.

Ila siku ya kumi na mbili naikumbuka. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa sebuleni nakunja nguo, na mwanga ulikuwa umeanza kutambaa ukutani, rangi ya asali, mpaka nikaacha kukunja nikabaki nautazama. Mama alikuwa barazani, kanipa mgongo. Akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa na jambo dogo nyumbani kwake:

"Nani kaacha taa ya bafuni inawaka mchana wote huu?"

"Mimi, Mama."

"Basi nenda kaizime. Au umeme unaufua wewe?"

Nikaenda kuizima. Nilisimama humo bafuni gizani kitambo kidogo, kwa sababu sikutaka aone uso wangu, kisha nikamjibu kwa sauti kwamba nimeshazima, naye akasema, "Haya."