Somo Nililomfundisha Mama

Mama yangu hajui kusoma, lakini somo nililomfundisha mimi alilishika neno kwa neno, na ndilo lililotumaliza.

Naitwa Redempta. Mwaka huo wa tisini na nne nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Sumbawanga mjini. Kwetu ni Mollo, na kwenda na kurudi kila siku kwa miguu usingeweza ukabaki na nguvu ya kushika kalamu, kwa hiyo nilipanga chumba mtaa wa Malangali pamoja na mwanafunzi mwenzangu, Jenifa. Usidhani ni chumba cha maana. Mlango ulikuwa kipande cha bati kinachofungwa kwa waya, na baridi ya huku kwetu unaijua mwenyewe. Tulilala kitanda kimoja, tukapikia jiko moja la mkaa, tukagombana kila siku nani kamaliza chumvi. Na kulalamika, ehe, nilikuwa bingwa! Unga umekuja kidogo, maharage yana wadudu, blanketi limechakaa. Nikimkumbuka yule msichana aliyekuwa akinuna mbele ya sahani ya ugali, natamani nimzabe kofi.

Maana ule unga haukukosa hata wiki moja. Kila Jumamosi asubuhi Kalisti, jirani yetu wa Mollo, alishusha mkaa mtaa wa Majengo kwa baiskeli, na juu ya magunia yake kulikuwa na kifurushi changu, kimefungwa kwa kitambaa cha mama. Nilikuwa nakipokea, nasema haya, nashukuru, mwambie mama sijambo, basi. Sikuwahi kujiuliza kinatoka wapi. Unga wa nyumbani unatoka nyumbani, utatoka wapi kwingine?

Ngoja nieleze nilichofanya, maana kinaniwasha kila siku.

Sisi Wafipa tuna kilimo chetu. Mvua zikiwa bado zinanyesha, mwezi wa pili na wa tatu, unageuza nyasi mbichi kwa jembe pamoja na mizizi yake, unazilaza chini juu, unazifukia kwa udongo mpaka unapata matuta makubwa ya mviringo shamba zima. Tunayaita ntumba. Nyasi zinaozea humo ndani, na mvua za mwaka unaofuata zikianza unayatawanya, unapanda ulezi au mahindi, na ardhi inakulipa. Ila ni kazi ya kuvunja kiuno. Bibi aliifanya, mama aliifanya, na mimi niliifanya tangu nina miaka saba, na niliichukia kwa moyo wangu wote.

Nilipoingia kidato cha kwanza nikaanza kusoma Kilimo. Mwalimu alitufundisha mbegu ya kisasa, kupanda kwa mistari, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia. Hayo aliyafundisha na sina ugomvi naye. Lakini kwamba ntumba ni ushamba, kwamba kufukia nyasi ni kujichosha bure, hilo mwalimu hakulisema hata siku moja. Nililisema mimi, likizo ya Pasaka, nimesimama katikati ya shamba la mama na sweta la shule mwilini ili wapita njia wanione.

Mama alikuwa ameegemea jembe. Baba alikuwa ameshafariki, na lile shamba lote lilikuwa juu ya mgongo wake.

"Kwa hiyo hizi nyasi nizifanyeje?" aliniuliza.

"Ziache zikauke, halafu uzichome."

"Zote?"

"Zote, mama. Mbolea ipo dukani. Unaweka kiganjani, unatia kwenye shimo, basi."

Aliziangalia zile nyasi kwa muda. "Kitabu kimesema hivyo?"

"Kimesema."

Nilimdanganya mama yangu kwa neno moja, kwa sababu ya uvivu na sifa.

Mwaka wa kwanza, jamani, mahindi yalibeba mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuyatazama. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yameanza kuingia vijijini yenyewe, hakuna tena kukaa kusubiri chama cha ushirika kiamke, na mama akauza karibu yote, akijua mwakani yatakuja mengine. Aliezeka nyumba bati. Mimi akaninunulia godoro. Siku ya jumuiya ya kanisani alisimama mbele ya wenzake akamshukuru Mungu kwa kumpa binti aliyemfungua macho. Nilikuwepo. Niliangalia chini kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa mimi.

Msimu uliofuata mbolea ikapanda bei hata haisogeleki. Redio ikasema ruzuku imeondolewa, sasa ni soko huria. Mama hakujua ruzuku ni mdudu gani. Alijua tu kwamba alienda dukani akarudi na mfuko mmoja mdogo wa kugawia shamba zima, na kwamba ntumba za kumwokoa hazikuwepo, kwa sababu msomi wa nyumba alishazifuta. Mbegu nazo alichagua kwenye mahindi makubwa ya mwaka uliopita, kwa uangalifu, moja moja. Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba mbegu ile ya dukani hairudiwi, ukiipanda tena haizai.

Hayo yote mimi sikuyajua. Nilikuwa Malangali, hata likizo nilibaki mjini, nanuna juu ya maharage.

Jumamosi moja ya Kwaresima nilimkuta Kalisti Majengo anashusha magunia. Akanipa kifurushi, akafuta jasho, akasema kwa kusifia kabisa, "Mama yako ana nguvu, bwana! Kutwa yuko kwa Kashinje, analima kuwashinda wanaume."

Kashinje ni yule Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake na watoto wake, mtu mwenye mashamba mapana kule bondeni.

"Analima kwa Kashinje? Anatafuta nini huko?"

Kalisti akanishangaa. "Si ndio huo unga ulioushika? Kashinje anamlipa mahindi. Kwenu si yaliisha tangu mwezi wa kwanza? Kwani hakukwambia?"

Nilianza kutembea palepale, na kifurushi kichwani, kurudi kulikotoka.

Nilifika jua limeshapita utosini. Shamba letu liko kando ya njia, kwa hiyo ndilo nililolikuta kwanza. Mahindi ya jirani, yule ambaye hakuwa na mtoto wa kumfundisha chochote, yalikuwa yamenipita kimo, meusi kwa ukijani. Ya mama yalinifika magotini. Yalikuwa ya njano, membamba, mengine yametoa mbelewele huku hayana hata dalili ya kubeba. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu. Nilikuwa wa kwanza darasani katika Kilimo, niliweza kusoma lile shamba mwenyewe.

Mama alikuwa jikoni. Gauni lilikuwa limemzidi, amelikaza kwa kamba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba! Loo, mwanangu, kuna nini? Wamekufukuza?"

"Hapana. Umekula?"

"Nafunga. Si Kwaresima?"

Nilifunua chungu. Majani ya maboga na chumvi, hakuna kingine. Nikaenda kwenye kihenge, nikachungulia, nikaona vumbi na kinyesi cha panya. Hasira zilinipanda, na badala ya kunirudia mimi mwenyewe zilimwendea yeye.

"Kwa nini hukuniambia?" nilipiga kelele. "Unakula majani halafu unaniletea mimi unga! Mimi nani?"

"Ungeacha shule," alisema kwa upole. Halafu uso ukamchangamka, na huo uchangamfu ndio ulionitisha. "Lakini umekuja vizuri. Kaa, kaa kidogo. Dominika na Coleta wanakuulizia kila siku."

Akatoka kuwaita kabla sijamzuia. Hao ni wajane wenzake wa jumuiya, mashamba yao yanapakana na letu kwa upande wa juu. Wakaja na majembe yao mabegani, wakaitikia shikamoo yangu, wakakaa kwenye benchi wakinitazama kama watu waliokuja kwa mganga.

"Wenzangu wameacha nyasi zisimame mwaka huu," mama alisema kwa fahari. "Niliwaambia wasihangaike na ntumba. Wanataka uwaeleze mwenyewe, wachome lini, wapande vipi. Mimi naweza kukosea mahali."

Niliwaangalia. Coleta ana watoto watano. Ilikuwa mwezi wa tatu katikati. Mvua zilikuwa zimebaki wiki tatu, nne zikijaliwa, halafu ardhi ingekauka na hakuna jembe la kugeuza nyasi. Wakianza kesho kutwa, mwakani watakula. Wakisubiri maneno yangu yatimie, watakuwa kama mama. Na mama mwenyewe pia alikuwa na kipande cha chini cha shamba ambacho hakukilima, nyasi zilikuwa bado mbichi, zilikuwa bado zinatosha kumwokoa.

Nikasema. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiogopa nikisita nitanyamaza. Kwamba kitabu hakikusema. Kwamba niliongeza mwenyewe. Kwamba bila mbolea ya dukani shamba lisilo na ntumba halitoi kitu, na mbolea ile hakuna kati yao anayeweza kuinunua. "Nilikosea, mama zangu. Rudini mkapige ntumba, leo hii, msingoje."

Kuku alipita katikati yetu, akatoka.

Mama akacheka. "Mtoto amechoka," aliwaambia. "Katembea kutoka mjini na jua lote hili, hajatia kitu mdomoni. Msimsikilize."

"Mama, sijachoka. Nilikosea."

"Hukukosea."

"Bertilla," Dominika alimwambia mama taratibu, "hata hayo mahindi yako..."

"Mahindi yangu yamekosa mbolea!" mama alifoka. Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu mzima. "Mbolea ndiyo iliyokosea. Mtoto wangu hajakosea."

Dominika alinyanyuka. Hakuaga. Coleta akamfuata, ila alipofika mlangoni alimtazama mama kwa huruma, na mama aliiona ile huruma. Hao wawili najua walipiga ntumba. Walianza jioni ileile.

Tukabaki sisi.

"Umeniaibisha," mama alisema.

"Nisamehe."

"Kama ulikosea, Redempta," alisema, akiikaza kamba ya gauni lake, "kama ulikosea, basi mimi nalala njaa kwa ajili ya nini?"

Mpaka leo ninalitafuta jibu na sijalipata. Nilichukua jembe lililokuwa ukutani, nikateremka kwenye kile kipande cha chini, nikaanza kugeuza nyasi. Nililima kama mwehu, nalia, makamasi yananitoka, nikamaliza tuta moja, nikaanza la pili. Mwili ulikuwa haujasahau. Nikajiambia sirudi mjini, shule ikinipita inipite, nitabaki hapa mpaka kipande chote kiishe.

Mama alinikuta katika tuta la tatu. Alilishika jembe kwa mpini, akalivuta. Sikuliachia. Tulivutana pale, mimi na mama yangu, kama watoto wanaogombea mwanasesere, na japo mwili wake ulikuwa umebaki mifupa, alinishinda.

"Rudi ukasome."

"Mama, mvua zinaisha! Nisipolima sasa, mwakani utakula nini?"

"Mwakani utakuwa kidato cha nne," alijibu, kana kwamba hicho ndicho nilichomuuliza.

"Basi tulime wote wiki moja tu. Siku tatu."

"Siku tatu nani atalima kwa Kashinje? Mtakula nini wewe na Jenifa?" Akafuta udongo kwenye jembe. "Mimi sijui ntumba, sijui mbolea, sasa sijui tena kipi ni kweli. Nakujua wewe tu. Usiniondolee na hicho."

Alirudi nyumbani akaja na kile kifurushi nilichokuwa nimekirudisha, akaniwekea kichwani kwa mikono yake miwili. Nilitaka kukitupa. Nilijua nikikitupa nimemuua, na nikikichukua nimemuua.

Nikasema, "Ahsante, mama."

"Haya. Msalimie Jenifa."

Akaweka jembe begani akashika njia ya bondeni, kwenda kumalizia sehemu yake kwa Kashinje, maana unga niliobeba ulikuwa wa wiki hiyo tu. Nilimwita. Alinipungia mkono bila kugeuka, kunihimiza niondoke. Na mimi, pamoja na machozi yangu yote na akili zangu zote za darasani, nikaondoka. Ule unga tuliula mpaka Ijumaa.