Otilia Hafi Dakika ya Saba

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya filamu ile ile niliyoshinda mchana kutwa nikiilaani.

Mimi ni Selestini, mtafsiri wa filamu katika banda la video hapa Ifakara. Picha inapita, nami nashika kipaza sauti na kuwaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Wazungu wa kwenye filamu nawapa majina yetu, maana ya kwao hayakai mdomoni. Muuaji mwenye kinyago nilimwita Mzee Shoka. Msichana aliyebaki hai peke yake mwisho wa sehemu ya kwanza nilimwita Otilia, jina la dada yangu mdogo anayekata tiketi mlangoni. Tangu siku hiyo dada yangu anatembea mjini kama mtu aliyemshinda muuaji kweli. Nami niliwaahidi watazamaji, banda zima, kwamba Otilia, stelingi wetu, hafi.

Jana nikaitazama sehemu ya pili peke yangu, nijiandae. Otilia anauawa dakika ya saba! Kisigino cha kiatu kinakatika, anaanguka, shoka, basi. Sehemu ya kwanza ilitutisha kwa mlango mmoja tu usiofunguka. Hii inamwaga damu kwa ndoo kama watu wanaopiga deki. Niliudhika, nikalala bila kula.

Basi ndotoni ni saa sita mchana, niko kwenye korido ndefu. Mlango unanisimamisha.

"Ukinifungua lazima nilie," unasema. "Ndiyo taratibu."

"Lia kidogo tu."

"Kidogo ilikuwa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili kila kitu kinazidi."

Ukalia mpaka rangi ikabanduka.

Nyuma yake hakuna chumba, kuna banda letu. Mabenchi yamejaa maiti wa sehemu ya kwanza, wamekaa kwa mpangilio wa kufa. Yule bwana aliyewaambia wenzake "narudi sasa hivi" bado hajarudi. Nafasi yake wameiwekea kofia.

Mzee Shoka amekaa benchi la mbele, anajipepea kwa kinyago.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenipa hili jina?"

"Ndiye mimi."

"Limenikaa," akasema, na nikaona kweli linamfurahisha. Kisha akaonyesha saa ya ukutani, ambayo ilikuwa na dakika tu. "Hiyo ni ya sita. Ikifika saba nina kazi."

"Mzee, tuheshimiane. Wewe hukimbii, lakini siku zote unatangulia kufika. Huo ni ufundi. Leo unataka kumkata mtu aliyejikwaa? Fundi gani anafanya hivyo?"

Aliinamisha kichwa. "Imeandikwa. Akikimbia lazima aanguke, na akianguka nimpige. Akiwa wima, mimi sina ruhusa hata ya kumgusa."

Hapo Otilia akaingia mbio, amevaa viatu virefu. Sura yake ilikuwa ya Kizungu, lakini alizungumza kwa sauti yangu, kwa kuwa ndiyo pekee niliyowahi kumpa.

"Kaka Selesti, kisigino kinakatika pale kwenye zulia."

"Vua."

"Nikivua nakanyaga chupa. Nayo imeandikwa."

Nikatazama miguu yangu. Nimevaa katambuga za tairi la trekta, alizonichongea fundi Kasiani wa sokoni. Mwaka wa nne huu sijawahi kuteleza nazo, hata kwenye tope la Machi. Mkanda wa kushoto ulikatika juzi, nikaufunga kwa waya wa kijani. Nazionea fahari, sifichi. Nikazivua.

"Vaa hizi."

"Kubwa."

"Kaza waya."

Dakika ya saba. Otilia anakimbia. Zulia linajikunja kwa makusudi. Chupa inajivunja yenyewe njiani. Haanguki. Mzee Shoka, ambaye sikumwona akinyanyuka, tayari yuko mwisho wa korido na shoka juu. Otilia anafika mbele yake, anasimama wima, anahema kwa pua yangu.

Saa inagonga dakika ya nane.

Mzee Shoka akashusha shoka taratibu. "Huku hatujawahi kufika na huyu," akasema. "Kuna nini huku?"

Sikujua, lakini mtafsiri hasemi hajui. Nikashika kipaza sauti. "Watazamaji," nikawaambia maiti, "niliwaahidi nini?"

Wakapiga makofi wote, hata wale wawili wasio na mikono. Nilisimama mbele yao peku, kifua mbele. Sijawahi kujisikia mkubwa namna ile.

"Kaka, amka!" Dada yangu anagonga. "Saa nne hii, watu wamejaa mlangoni."

Nikainama kutafuta katambuga uvunguni. Hazipo.

"Otilia, umeziona katambuga zangu?"

"Ulilala nazo kwa hasira, mimi nitazijulia wapi?"

Nikachukua kasha la filamu. Jana msichana wa kwenye picha ya kasha alikuwa amelala chali, kiatu kimoja kimevunjika. Leo amesimama. Chini ya gauni jeupe, mguu wa kushoto, niliuona waya wa kijani, fundo ni langu mwenyewe.

Nikaenda bandani peku, nikapita katikati ya watu bila kuinamisha kichwa.