Kona za Babu

Babu alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, na tangu atoke hospitali alikuwa ameegesha. Daktari alisema atembee kila siku, la sivyo mguu utakakamaa kabisa. Babu alijikongoja na fimbo hadi mlango wa nyuma, akautazama uwanja ukuta hadi ukuta, akasema, "Nimeshauona wote," akarudi kitini.

Hapo ndipo Majani, mjukuu aliyebandikwa jina hilo kwa kusomea bustani, alipopata wazo. Chuoni alizipenda mno bustani za Kichina, kwa kuwa hazikuonyeshi kila kitu kwa mpigo. Unaona kidogo, kilichobaki unakifuata. Akachora njia ya mawe yenye kona, mianzi, ukuta mdogo wenye lango la mviringo kama mwezi mpevu, na nyuma yake kidimbwi cha yungiyungi, jiwe lililochongoka na taa nyekundu.

Mjomba wake, fundi mwashi, akaivaa kazi. Majani alikwenda kutafuta mianzi; kurudi, akashika kichwa. Njia ilikuwa imenyooka kama rula toka mlangoni hadi langoni, kidimbwi chote kikionekana.

"Mjomba! Kona zangu ziko wapi?"

"Mgonjwa umzungushe wa nini? Yule ni baba yangu. Nimemfupishia."

Babu akachungulia. "Afadhali. Kona zimenitesa barabarani, mnitafutie nyingine nyumbani?" Akakitazama kidimbwi kwa mbali. "Kizuri." Akageuka, akarudi kitini.

"Umeona, Mjomba? Akishaona mwisho, safari imekwisha."

Mjomba akakuna kidevu chenye saruji. "Haya, yaishe," akasema, akiinama kung'oa jiwe la kwanza. "Ila akianguka, nitakupanda wewe badala ya mianzi."

Walishinda wakihamisha mawe. Mianzi ikasimama palepale ilipokuwa imenyooka njia, ikaliziba lango. Kwenye kila kona mjomba, bila kuagizwa na mtu, alifunga mti wa kushikilia, akausugua kwa msasa mpaka ukawa laini.

Asubuhi babu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Katikati ya majani, kitu chekundu kilikuwa kikiyumba.

"Kile nini?"

"Kipi, Babu?"

"Usinifanye mtoto, mchumba wangu. Kile kinachojificha."

"Mimi sijui. Kaangalie."

Babu alinung'unika, akaweka kikombe chini, akashika fimbo. Kwenye kona ya kwanza kile chekundu kilipotea, lakini akasikia maji yakidondoka. Akaushika mti wa mjomba, akakata kona, akafichwa na mianzi.

Kugonga kwa fimbo kukakoma. Mjomba akataka kukimbia, Majani akamkamata shati.

Kisha, kutoka kwenye majani: "Piii! Piiiii!"

"Ameumia?"

"Ameumia wapi!" Mjomba aliangua kicheko huku machozi yakimlenga. "Anapiga honi. Hakuwahi kuingia kona isiyoonekana bila honi!"

Honi ikalia tena, mbele zaidi. Halafu sauti ya babu ikapaa kutoka kidimbwini: "Nani kaweka samaki humu? Na kiti kiko wapi? Mnataka nishinde nimesimama?"

Mjomba akakinyakua kiti cha ndani, akakiweka kichwani, akaanza kupenya katikati ya mianzi.

"Mjomba!" Majani akampigia kelele akicheka. "Fuata kona!"