Injini ya Karasha

Mwenda pole ndiye hujikwaa. Asiyekubali hilo angekwenda kubishana na Mzee Otmar wa Katoro, ambaye maisha yake yote hakupata kuvumilia kupitwa barabarani, awe juu ya baiskeli au ndani ya gari. Na gari lenyewe lilikuwa Krauni, Toyota ya zamani yenye rangi ya maziwa na bampa za kung'aa, iliyowapeleka maharusi wa ukoo wao kanisani Ushirombo tangu enzi za mashangazi. Desturi ya ukoo ilikuwa bibi harusi akae mbele, kando ya dereva, barabara nzima imwone. Injini ya petroli ilipokufa, mzee alikonda. Binti yake mdogo, Agatha, alikuwa ameshachumbiwa, na kwa mzee, Agatha kutopanda Krauni kulikuwa sawa na Agatha kutoolewa.

Basi akanunua injini nyingine bila kumuuliza mtu. Na mtu wa kuulizwa alikuwepo nyumbani kwake: binti yake mkubwa, Coletha, fundi mwenye gereji nyuma ya soko. Mzee alikwenda machimboni, akakuta dizeli ya silinda nne iliyokuwa ikiendesha karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Akaupenda mngurumo wake. Akaileta gereji juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, amekaa pembeni yake kama anayesindikiza mgeni.

"Injini ni injini," alimwambia Coletha. "Iliyosaga mawe itashindwa kumbeba msichana?"

Coletha aliifunga garini. Baba ni baba, na siku zilikuwa zinakwisha. Lakini tangu siku alipoijaribu kwenye barabara ya Geita, hesabu ya mizunguko ilikuwa haimtoki kichwani.

Injini ya karasha haikutengenezwa kukimbia. Huzunguka kwa mwendo mmoja, wa chini, kutwa nzima, na nyuma yake hubeba flaiwili, gurudumu la chuma cha kumimina, pana na zito, la kuituliza jiwe linapogoma. Difu ya Krauni nayo, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa matairi, iliwekwa kwa ajili ya injini nyepesi yenye mbio. Tairi likizunguka mara moja, shafti, mhimili unaoleta nguvu kutoka kwenye injini, huzunguka zaidi ya mara nne. Petroli ya zamani iliyamudu hayo ikicheka. Hii ya karasha, mshale wa spidi ukigusa hamsini tu, ilikuwa imefika mwisho wa pumzi yake.

Kupanda hakukumtisha Coletha. Kilichomtisha ni kushuka. Mteremkoni gari ndilo huisukuma injini; hata ukiondoa mguu kwenye mafuta, matairi yanaendelea kuizungusha. Na chuma cha kumimina kikizungushwa kupita uwezo wake hakipindi. Kinapasuka. Aliwahi kuona karasha iliyopasukiwa na flaiwili: kipande kimoja kilitoboa bati la paa kikaokotwa katika shamba la mihogo la jirani, na watu walipona kwa sababu tu walikuwa wameitwa kunywa chai. Ndani ya Krauni, gurudumu hilo lilikaa karibu na miguu ya abiria wa mbele. Kila alipofumba macho, Coletha aliona viatu vyeupe vya mdogo wake.

Dawa ilikuwa moja: difu nyingine, ambayo shafti yake huzunguka mara tatu, au pungufu, kwa kila mzunguko wa tairi. Hapo injini ingebaki na mwendo wake wa kinyumbani na gari likaenda. Bashiri, muuza spea wa Nyahanga kule Kahama, aliapa kwenye simu kwamba anayo. Ameipima mwenyewe, alisema. Tena haifiki hata tatu, ni mbili na kidogo.

Aliileta Ijumaa adhuhuri ndani ya gari lake la Noah, siku moja kabla ya harusi. Akaishusha na ekseli yake nzima, chuma kinachoshika matairi ya nyuma, akaipiga kofi kama anayeuza ng'ombe.

"Dada fundi, hii ikikataa kukimbia, niite jina la mama mkwe wako."

Coletha alimuuliza aliipimaje. Bashiri akaonyesha kwa majivuno. Alikanyaga upande mmoja wa ekseli kwa mguu usicheze, akazungusha upande wa pili mara moja kamili, macho yakiwa kwenye alama ya chaki aliyoiweka kwenye shafti. Chaki ikapita mara mbili, ikasogea kidogo.

Coletha akaona kosa lilipo. Difu hugawa mzunguko pande mbili. Ukiuzuia upande mmoja, shafti inakupa nusu ya hesabu. Mbili na kidogo za Bashiri zilikuwa nne na zaidi. Alikuwa amesafiri kutoka Kahama kuleta difu ileile iliyokuwa tayari chini ya gari.

Bashiri hakuamini mpaka walipozungusha pande zote mbili kwa pamoja mara moja na chaki ikapita mara nne. Alikaa juu ya tairi bovu, akavua kofia. Katika maisha yake yote ya kuuza spea, alisema, hakuna mteja aliyewahi kurudi kumlalamikia kuhusu hesabu hiyo. Coletha akamjibu kwamba pengine hawakufika walikokuwa wanakwenda.

Jioni ile alimweleza baba yake kila kitu, mbele ya baba mdogo Herman, ambaye ndiye angeendesha, Agatha akisikia kutoka chumba cha pili. Alisema gari liende, lakini yeye Coletha ndiye ashike usukani, na mwendo usizidi arobaini. Mzee Otmar alimwuliza kama anataka bibi harusi apitwe na bodaboda zilizobeba mkaa. Herman alisema kwenye mteremko mrefu wa kabla ya Runzewe atatoa gia na kuliacha gari literemke lenyewe.

"Kwa breki zipi, Baba Mdogo?" Coletha aliuliza. "Hizi zilizopangiwa injini nusu ya uzito huu?"

Herman akasema wanawake wa siku hizi wakisoma kidogo wanaogopa mpaka gurudumu. Mzee akafunga mjadala. Injini ile imeshatangazwa kwa wakwe, na wakwe watakuwa wamesimama barabarani.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Msafara wa magari ulipiga honi mpaka nje ya geti, akina mama wakapiga vigelegele, Agatha akatoka na gauni lake, akafunguliwa mlango wa mbele wa Krauni, akaketi. Coletha alisimama kando ya ukuta, mikono ameificha ndani ya kitenge.

Herman aliwasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa, watu wakashangilia. Akaingiza gia, akaachia klachi. Gari halikwenda. Akaongeza mafuta, moshi ukafuka, kelele ikapanda, matairi yakabaki yametulia juu ya mchanga. Shangwe ikafa kidogokidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma. Herman alishuka, akainama na suti yake, akachungulia chini. Pale ilipopaswa kuwa shafti palikuwa na nafasi tupu, na mdomo wa giaboksi ulikuwa umefungwa mfuko wa nailoni usivuje oili.

Mzee Otmar hakuhitaji kuambiwa. Alivuka uwanja polepole mpaka ukutani kwa Coletha.

"Iko wapi?"

"Nimeifungia gereji. Ufunguo ninao, na sitautoa."

Mama mmoja wa upande wa wakwe alisema kwa sauti kwamba huu ni wivu, mkubwa kaachwa mdogo anaolewa. Maneno yale yalimwingia Coletha, lakini hakugeuka. Alikuwa anamtazama Agatha, ambaye alikuwa ametulia palepale mbele, ameangalia miguu yake. Kisha Agatha akafungua mlango, akakusanya gauni kwa mikono miwili, akaiendea Noah ya Bashiri. Bashiri, aliyelala Katoro kwa aibu ya difu yake, alikimbia kutandika shuka juu ya kiti chenye madoa ya grisi.

Msafara ukaanza kujipanga upya nyuma ya Noah. Mzee Otmar alibaki mahali alipo, ameinua kidole kikielekeza chini, mbele ya miguu yake, kama alivyofanya walipokuwa watoto. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamesimama wanasubiri. Alisema hatapanda gari lolote, na harusi haitatoka getini, mpaka binti yake apige magoti na kuomba radhi kwa kumvua nguo mbele ya watu.

Coletha alitoa mikono yake ndani ya kitenge. Ilikuwa na oili nyeusi mpaka kwenye viwiko.

"Harusi njema, Baba," alisema. "Siombi radhi."