Gunzi Lililovuka Isiukhu

Gunzi la kwanza liliangukia uji wa mama mkwe. Taabu ya Erastus ilianzia hapo.

Alikuwa amelenga jiwe kubwa lililo katikati ya mto Isiukhu, lakini mpira wa manati yake ulirusha mbali kuliko alivyodhani. Gunzi likapita juu ya jiwe, likapita juu ya matete ya ng'ambo, likatumbukia kwenye sufuria ya uji iliyokuwa inapoa nje ya jiko la mama mkwe wake, Zipporah, na uzi mrefu ukalifuata nyuma kama mkia. Jua halikutua kabla habari haijafika kijiji cha Buyangu. Mkwe amemtupia mama mkwe gunzi!

Ukitoka mbali unaweza kucheka. Lakini huku mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye chakula mezani, hataji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja hupinda kando na kumpa mwenzake mgongo mpaka apite. Miaka kumi na minane Erastus alikuwa ameishika heshima hiyo bila doa. Halafu gunzi.

"Ungemtupia jembe tu, tujue moja," Maurine, mkewe, alimwambia jioni ile.

"Nililenga jiwe."

"Kwa hivyo mama yangu ni jiwe?"

Erastus alikula kiapo mbele ya mkewe kwamba hatarusha tena, akaichukua ile kazi ya mikono yake na kuitupa darini kwenye banda lake la kutengeneza baiskeli.

Ilikuwa kazi ya miaka miwili. Kabla ya hapo, ndugu yake Joash aliteleza akivuka kwenye mawe, maji yakambeba hadi kwenye gogo lililokwama, akalishika. Erastus alikuwa ukingoni na kamba ya ng'ombe. Aliirusha mara tano. Kamba ikilowa huwa nzito kama mzoga. Kila mara iliishia njiani. Mara ya tano ilibaki kama hatua tisa hivi. Joash alimwangalia, akaiangalia kamba, akaachilia gogo. Tangu siku hiyo Erastus hakupima kitu chochote, hata ua la boma, bila kuhesabu hatua tisa kichwani.

Ndipo akaanza kuchezea vyuma. Alichukua foku ya baiskeli kuukuu, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, akaipindua, akalinoa shina lake lipate kuchoma ardhi. Kwenye ncha mbili za juu alifunga vipande vya tyubu. Likawa manati kubwa. Jiwe lingempasua mtu kichwa, kwa hiyo alitumia gunzi la mahindi lililokauka, amelidunga misumari miwili lipate uzito kidogo na kulizungushia mpira mwekundu lionekane. Gunzi huelea. Kwenye gunzi alifunga uzi wa nailoni, ule wa waashi wa kunyooshea ukuta, akaulaza ndani ya karai duara juu ya duara usije ukajifunga. Mwisho wa uzi, kamba nene. Mwanzoni mwa kamba, tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo. Mtu anashika uzi, anavuta, kamba na tyubu vinamfuata. Hakuna haja ya kurusha kamba nzito. Uzi mwepesi unaenda kuipeleka.

Watu walicheka sana. Sellah, aliyeuza ndizi mlangoni mwa banda, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Baba Griffin, siku hizi unavuanga popo?" alimuuliza Erastus kila asubuhi, hata baada ya foku kuingia darini.

Ikaja Aprili. Jumatano moja Zipporah alivuka kuja upande huu kwa maombi ya akina mama kanisani. Saa tisa alasiri akashika njia ya kurudi kwake, kikapu cha kunde kichwani. Jua liliwaka. Upande huu halikuanguka hata tone. Lakini mvua ya milima ya Nandi haimpigii mtu hodi. Inanyesha kule juu na mto unaileta kimyakimya. Zipporah alikuwa amefika lile jiwe kubwa la katikati aliposikia mngurumo. Alipogeuka, mawe aliyopitia hayakuwepo tena. Aliyokuwa ayapitie hayakuwepo pia.

Sellah alikuja mbio, leso mkononi. Maurine alikuwa bandani akimletea mumewe chai.

"Mama yako! Mama yako yuko kwenye jiwe, na mto umekuja!"

Erastus aliinuka, halafu akasimama palepale. Aliangalia dari. Alimwangalia mkewe.

"Unangoja nini?" Maurine alilia. "Toa hicho kitu chako!"

Walipofika ukingoni maji yalikuwa yamempita Zipporah magoti. Kikapu kilikwisha kwenda. Magogo yalipita kando yake kwa kasi, meusi, yakibingirika. Erastus aliichoma foku ardhini, akaweka karai mguuni, akafunga kamba kwenye shina la mpera. Mikono ilijua kazi yake. Alivuta mpira mpaka kifuani, akalenga juu kidogo ya kichwa cha mama mkwe, kwa upande wa maji yanakotoka.

Wakati huohuo Zipporah akamwona ni nani.

Nguo yake ilikuwa imelowa na kumganda mwilini. Mbele yake alikuwa amesimama mume wa binti yake. Mwanamke huyo, kifo kikiwa kimemshika miguu, alifanya alichofundishwa tangu utotoni: akampa mkwe mgongo.

Gunzi liliruka vizuri. Lilianguka umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Uzi ulipita mgongoni pake, ukakaa pale kidogo kama unamngoja, halafu maji yakauchukua. Hakuuona.

"Mwambie mama ageuke," Erastus alimwambia Sellah, maana yeye mwenyewe hakupaswa kumsemesha.

"Mama Maurine! Geuka!"

Jibu lilikuja likiwa limekatwakatwa na maji. "Mwambieni… huyo mkwe… aende kwanza! Nimelowa!"

"Mama, geuka, utakufa!" Maurine alipiga kelele.

"Aende!"

Erastus aliuvuta uzi haraka, akaulaza tena karaini. Maji yalikuwa yamefika mapajani.

"Lenga wewe," alimwambia Sellah. "Mimi nitajificha kwenye mahindi."

Sellah alivuta mpira kwa nguvu zake zote za kubeba mikungu ya ndizi. Gunzi likaruka hatua mbili na kuingia topeni.

"Ai! Hii kitu inatakanga mwenyewe," alisema, akiyageukia mahindi.

Erastus alitoka mahindini. Maji yalikuwa kiunoni. Zipporah alikuwa amepanua mikono ashike hewa, bado mgongo kwao, shingo imenyooka. Erastus aliona jinsi anavyoyumba. Alimwona Joash. Zilikuwa zimebaki zaidi ya hatua tisa, lakini safari hii si kamba iliyokuwa fupi.

Akaliokota gunzi, akavuta mpira mpaka kifuani. Akajaza pumzi.

"ZIPPORAH!"

Sellah alishika mdomo.

"Wewe Zipporah! Angalia huku!"

Zipporah aligeuka kama mtu aliyeumwa na nyuki. Tangu mumewe afariki hakuna mwanamume aliyemwita hivyo, na sasa huyu! Alifungua mdomo amtukane mkwe wake yeye na ukoo wake. Gunzi lilikuwa hewani tayari. Lilimpita sikioni, na uzi ukamlalia begani.

Akaushika.

"Vuta!" Erastus alipaza sauti. Heshima ilikwisha vunjika, hakuona sababu ya kunong'ona. "Vuta mpaka tyubu ije! Vaa kichwani, pitisha makwapa! Hivyo! Sasa ruka!"

Hakuruka. Jiwe ndilo lililomwacha, maji yalipomng'oa miguu.

Wanaume watatu waliokuwa wamekuja mbio kutoka shambani waliirukia kamba waivute.

"Msivute!" Erastus aliwakemea. "Mtamzamisha. Shikilieni tu, mto wenyewe utamleta."

Ndivyo ilivyokuwa. Kamba ilikazika ikalia kwenye shina la mpera, na maji yaliyokuwa yanataka kumpeleka chini yakamzungusha pole pole kuelekea ukingoni, kama mlango unaofungwa. Kichwa kilizama, kikatoka. Kikazama, kikatoka. Maurine aliingia majini mpaka kifuani, Sellah akimshika nguo kwa nyuma, na wawili hao wakamkokota mama mpaka kwenye nyasi.

Erastus alikuwa amekwisha geuka. Alisimama akitazama mahindi, mgongo kwa wanawake, akavua koti lake na kulinyoosha nyuma bila kuangalia. Mtu alilichukua. Alisikia kikohozi. Alisikia maji yakitapikwa.

"Nani," sauti ya Zipporah ilikwaruza, "nani ameniita jina langu?"

Sellah aliangua kicheko, kicheko cha machozi, na Maurine akacheka, na wale wanaume pia. Erastus akakaa chini topeni, uso bado kwa mahindi, akalia bila haya, na kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka miwili hakuhesabu kitu.

Baada ya siku nne ujumbe ulivuka mto. Mkwe amevunja mwiko. Amemwita mama mkwe kwa jina, mara mbili, mbele ya watu. Alete kuku.

Erastus alichagua jogoo mwekundu kuliko wote bomani. Alivuka kwenye mawe, maji yakiwa yameshuka na kutulia kana kwamba hayajawahi kumkosea mtu. Aliketishwa sebuleni peke yake. Kutoka jikoni alisikia mwiko ukigonga sufuria, na harufu ikaja.

Maurine alileta obusuma, ugali moto, na bakuli la ingokho, yule jogoo. Erastus alifunua bakuli. Juu ya nyama zote ilikaa firigisi, ile ambayo katika nyumba hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote waliopo, nayo ilikuwa nzima, haijakatwa hata kidogo.



"Mwambie mkwe," sauti ilisema kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, "hiyo foku isirudi darini. Aipande hapo ukingoni kwangu, na karai lake."

"Amesikia, mama," Maurine alisema.

"Na alenge mbali na uji wangu."

Erastus aliitia firigisi mdomoni. Ilikuwa ngumu kidogo, imekolea chumvi, na aliitafuna pole pole.

"Mwambie mama," alisema alipomaliza, "nimesikia."