Sakafu ya Vipande Vinne

Maji hayakuondoka. Mkwe wa Mzee Gia, mke wa mwanawe, alimwaga ndoo nzima kwenye sakafu mpya ya bafu, akachuchumaa, akasubiri, na maji yakakaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Kisha yakaanza kusogea taratibu, bila haya. Hayakwenda kwenye tundu la kutolea maji. Yalikuja mlangoni.

Mzee Gia aliyaona yakija. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake koridoni, mkongojo katikati ya magoti. Maji yakapita chini ya kiti na kulowesha kandambili zake. Hakuinua miguu. Wa kulia ungekubali, lakini wa kushoto ulikuwa na mambo yake tangu kiharusi kilipompiga.

"Yamefika huku," alisema.

"Nimeyaona, baba," mkwe akajibu kutoka ndani.

Na ilikuwa sakafu nzuri, asikudanganye mtu. Mkwe alikuwa fundi nguo, cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, na kabla ya hapo hakuwahi kushika mwiko wa saruji maishani. Siku ya kwanza alisahau kufunga koki kubwa, bomba likamrushia maji mpaka kwenye dari. Lakini alipofika kwenye vigae, alivipanga kama anavyoshona: mstari juu ya mstari, kila kona imekutana na mwenzake. Majirani walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama avue viatu.

Sakafu haikuwa ya kutazamwa, hata hivyo. Ilikuwa ya mzee.

Bafu la zamani lilikuwa na kizingiti cha zege kinachofika nusu ya muundi. Mzee Gia alijikwaa hapo akaanguka, na tangu siku hiyo alioga chumbani kwake, kwenye beseni, akiogeshwa na mwanawe. Mwana alikuwa mchimba visima. Alikuwa nyumbani kwa likizo tu. Likizo ikiisha anarudi kambini, na huko mtu harudi mpaka maji yapatikane. Hapo nyumbani wangebaki wawili, baba na mkwe wake. Kuna mambo mengi watu hao wanaweza kusaidiana: kumenya vitunguu, kutunga uzi kwenye sindano, kutafuta miwani. Kuogeshana si mojawapo.

"Ukiondoka sitaoga," mzee alimwambia mwanawe. "Nitanuka, na mtanizoea."

Mwana alicheka. Chumba cha mbele, cherehani ilisimama.

Hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo. Kesho yake mkwe alitoka na tepu shingoni akakipima kile kizingiti, urefu na upana, kama mtu anayepima jeneza la adui. Kwanza alimwita fundi bomba wa mtaa, ambaye watu wote walimwita Kesho, na si kwa jina alilopewa na mama yake. Kesho alikuja, akatazama, akaguna, akasema kesho. Baada ya hapo mkwe alikwenda dukani mwenyewe kununua nyundo na tindo.

Sasa, maji yakiwa koridoni, mwana alikuja mbio na matambara.

"Si nilisema tumngoje Kesho?"

"Kesho tumemngoja tangu juzi," mkewe akamjibu. "Shika lile tambara kubwa."

Wakakausha. Mwana akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Turudishe kizingiti. Kidogo tu, cha vidole viwili. Kitazuia maji."

Mkwe alitazama mguu wa mzee, kisha haraka akatazama pembeni. Mzee Gia aliona. Akalaza mkongojo wake sakafuni kama kizingiti, akashika ukuta, akasimama, akajaribu kuuvusha mguu wa kushoto. Unyayo ukaburuta, kidole kikagonga mti, mkongojo ukabingirika.

"Vidole viwili," alisema, "kwangu ni mlima."

"Basi tuweke taulo mlangoni," mwana akasema.

"Na nani atainama kuliokota?"

Mwana alikuwa amebakiza siku kumi za likizo.

Mkwe akarudi ndani na kipima usawa cha mafundi, akakiweka huku, akakiweka kule. Kitone cha hewa ndani yake kilikaa katikati kila mahali, na hapo ndipo alipogundua. Kosa lake lilikuwa la fundi nguo. Maisha yake yote kitambaa hulala bapa mezani, na mkunjo ndio adui. Alikuwa ametandika sakafu kama anatandika kitambaa cha kukata. Ilinyooka kweli. Maji hayana haja na kunyooka, yanataka mahali pa kuteremkia.

Alichukua tindo.

"Unafanya nini?" mwana akapiga kelele.

"Nafumua."

"Vimeshakauka! Watu wamekuja kuvitazama!"

"Hata mshono wa harusi hufumuliwa. Nguo isipomkaa mtu, utamlaumu mvaaji?" Na nyundo ikashuka.

Mzee Gia alisikiliza kigae cha kwanza kikipasuka na moyo ukamjaa. Alikuwa ameendesha lori miaka thelathini. Alijua wanaume waliopotea njia na wakaendelea mbele mpaka mafuta yakaisha, kwa sababu kurudi nyuma kulikuwa na watu wanaotazama. Dereva mbaya humjui akienda mbele. Mbele kila mtu anajua. Utamjua kwenye rivasi. Na huyu binti wa watu, mbele ya mume na mtaa mzima, alikuwa ameingiza rivasi bila hata kugeuza shingo.

Vigae vilipokwisha kung'oka, mkwe alikaa koridoni na gazeti. Alikata karatasi ya mraba, akatoboa tundu katikati, akaibonyeza ili katikati pazame. Karatasi ikajikunja. Akainyoosha, akabonyeza tena. Ikajikunja palepale: kutoka kila pembe mpaka kwenye tundu.

"Sketi," alisema.

"Sketi gani?" mzee akauliza.

"Ya vipande, baba. Kitambaa kizima hakikubali kubana kiuno na kuachia chini. Unakikata vipande, kila kimoja kinateremka kivyake." Akachora kwa chaki yake ya ushonaji mistari minne, kutoka kila pembe hadi kwenye tundu. "Hivi. Vinne. Nilikuwa nalazimisha kitambaa kizima."

Mzee aliitazama ile karatasi. "Lete hapa," alisema, na akamwaga chai kidogo kwenye pembe moja. Chai ikateremka, ikadondoka kupitia tundu, ikaanguka kwenye paja lake.

"Imekubali," alisema huku akijipangusa.

Dukani vigae vile vilikuwa vimekwisha. Shehena mpya ilikuwa ya jina lilelile na rangi nyingine, kahawia iliyoungua kidogo. Mwana alinung'unika. Mkwe alisema shati lina haki ya kuwa na kola ya rangi yake, akapanga vipande viwili vyeupe kwa vile vilivyonusurika, viwili vya kahawia kwa vipya. Kabla ya hapo alitandika chini karatasi ya lami ya kuzuia maji, na kisu kikagoma kuikata. Akaenda chumba cha mbele. Akarudi na mkasi wake mkubwa, ule ambao mtu akiukatia hata bahasha nyumba nzima hukosa usingizi. Alikata lami nao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzee Gia alimwona. Aliondoa kofia kichwani akaiweka gotini.

Kilibaki cha kushikia. Dukani waliuza vishikio vyembamba vya kung'aa, vya kubandika ukutani kwa mpira. Mkwe alibandika kimoja, akakivuta kwa uzito wake wote, na kikatoka. Alianguka kwa makalio, kishikio mkononi, kama mtu aliyeng'oa mhogo.

Mwana alicheka mpaka akashika ukuta. "Afadhali umekijaribu wewe."

Mzee Gia hakucheka. Alimwambia mwanawe aingie uvunguni mwa kitanda chake avute sanduku la mbao. Ndani, limezungushiwa gunia, kulikuwa na pande la chuma lililopinda ncha mbili, limelika katikati kwa kushikwa.

"Hiki si kishikio cha mlango wa lori?" mwana akasema. "Uliniambia lori liliuzwa kama chuma chakavu."

"Lori liliuzwa."

Mkwe alikipokea kwa mikono miwili. "Ulikuwa unashika kwa mkono gani, baba?"

"Kulia. Kila asubuhi. Unashika, unajivuta, uko juu."

Akamsimamisha karibu na ukuta, akampima kama anavyompima mteja, kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja, akiwa ameshika tepu kwa ncha za vidole bila kumgusa. Akatia alama ya chaki. Mwana akatoboa ukuta, skrubu ndefu zikaingia, na safari hii walining'inia wote wawili kwa pamoja. Chuma hakikutikisika.

Siku moja kabla mwana hajaondoka, mkwe alimwaga ndoo. Maji yakasita, yakagawanyika, yakateremka pande zote nne. Yakazunguka tundu, yakakohoa, yakaenda. Mlangoni palibaki pakavu.

Mzee Gia aliingia na taulo begani. Mguu wa kushoto uliburuta kwenye sakafu na haukukutana na kitu. Alifunga mlango, na wale wawili koridoni wakasikia komeo.

Maji yalimwagika muda mrefu. Kisha kitu kikaanguka, pu! Mwana akaruka. Mkewe akamshika mkono wa shati.

"Mwache."

"Ni sabuni!" sauti ikatoka ndani. "Hajafa mtu!"

Alitoka ananukia, nywele zimechanwa, shati limefungwa hadi shingoni, na vifungo vyote vimeruka tundu moja. Mkwe, fundi nguo, aliviona. Alitazama pembeni.

"Mama," mzee alimwambia, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "hiyo ni kazi."

"Asante, baba."

Asubuhi, akifunga begi lake, mwana alihesabu kwa sauti gharama ya bafu. Mifuko mitatu ya saruji. Vigae sitini na sita, ishirini na saba vikiwa vimevunjwa kwa makusudi. Roli moja ya lami. Kishikio kimoja kisichoshika. Oda moja ya sare za shule iliyokwenda kwa fundi mwingine. Mkasi mmoja. Kucha mbili.

"Na mlango mmoja wa lori," mzee akasema kutoka bafuni, komeo likiwa limefungwa.