Ukuta Mzuri

"Mtu wa kusoma kibao changu akapotea bado hajazaliwa," Brashi, fundi wa kuchora vibao, alimwambia mchumba wake kwenye simu. "Na siku akizaliwa, atazaliwa ameshafika."

Mchumba akacheka, kisha akaongea taratibu, kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole.

"Wewe mpeleke tu mama yangu kwa daktari salama. Goti likimuuma mama huwa hana masihara. Na kumbuka jibu letu bado liko mdomoni mwake."

Jibu lenyewe lilikuwa la ndoa. Brashi alikuwa amekwisha kumwomba binti, na kwa kuwa baba mtu alishatangulia mbele ya haki, neno la mwisho lilikuwa la mama, fundi cherehani ambaye hakuwahi kusifu hata nguo aliyoishona mwenyewe. Hakukataa, hakukubali. Alikuwa akimtazama Brashi kama kitambaa ambacho huenda kikachuja.

Ndiyo maana Brashi alijitolea kumpeleka hospitali. Vibao vyote vipya vya hospitali ile alivichora yeye, kwa Kiingereza, maana wagonjwa walikuja na lugha za kila aina na katibu wa hospitali alitaka moja ambayo wengi wangeambulia. Mpango ulikuwa mtamu: mama atangulie, afuate vibao, afike kwa daktari wa mifupa bila kumwuliza hata mlinzi. Hapo ndipo Brashi angekohoa kidogo na kusema, "Mama, hii ni kazi ya mkono wangu." Nani angemnyima binti mkono kama ule?

Kuna jambo dogo hakumwambia mtu. Katibu alimpa maneno kamili: nani asubiri, asubiri wapi, ataitwa na nani; mlango wa daktari wa mifupa ni ule wa pembeni ya duka la dawa. Brashi, aliyemaliza sekondari na alama ya Kiingereza ya kutundika sebuleni, aliyatazama maneno yale kama suruali iliyomzidi mteja urefu. Akakata. Maneno mengi hudai herufi ndogo, na herufi ndogo hazina mvuto. Sentensi ndefu ya kwanza ikabaki PLEASE WAIT HERE, subiri hapa, kwa rangi ya bluu yenye kivuli cheupe, ungedhani herufi zinatoka ukutani kukusalimia. Ya pili ikabaki USE OTHER DOOR, tumia mlango mwingine. Na kwa kuwa alishatoboa herufi hizo kwenye karatasi ngumu, basi kupitisha rangi kibao baada ya kibao ilikuwa kama kupiga mhuri. Wengine wangeita uvivu. Yeye aliita utaalamu.

Walifika asubuhi. Mama alishika mkoba kwa mkono mmoja, goti kwa mkono mwingine. Brashi alibaki hatua moja nyuma, kwa adabu na kwa kiherehere.

Mlango wa kwanza. Mama akavaa miwani, akasoma Kiingereza kile, akakitafsiri.

"Tumia mlango mwingine. Haya. Upi?"

"Bila shaka ule wa kule, mama."

Wakavuka ua wote. Mama alikuwa akikanyaga kama mtu anayepita juu ya mayai. Mlango wa pili. Miwani tena.

"Tumia mlango mwingine." Mama akageuka pole pole, akautazama mlango walikotoka. "Yaani huyu ananirudisha kwa yule, na yule alinileta kwa huyu. Milango hii inasukumiana mgonjwa kama watoto wanaosukumiana kuosha vyombo!"

Brashi akautazama mlango mmoja, kisha mwingine. Kibandani kwake vibao vilikuwa vimelala mezani bega kwa bega, na yeye alijua kichwani mwake kipi cha wapi. Kumbe kichwa chake hakikutundikwa ukutani pamoja na vibao.

Mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa kitambaa shingoni akapita akihema. "Mama, mnatafuta daktari wa mifupa? Karibuni kundini. Mimi nimeizunguka nyumba hii mpaka paka wa jikoni ananisalimia."

"Nani aliandika vitu hivi?" mama akauliza.

"Mtu mwenye magoti mazima," mzee akajibu.

Brashi akacheka kwa sauti kuliko wote.

Wakakokotana pamoja mpaka mwisho wa ukumbi mmoja uliotulia, wakakuta benchi refu, watu wamekaa, na juu yao kibao cha bluu kinang'aa: PLEASE WAIT HERE. Mama akajiachia kwenye benchi kama gunia lililotuliwa.

"Afadhali. Huyu angalau amesema neno la maana."

Brashi akavimba kidogo. Dakika zikapita, uvimbe ukaanza kushuka. Hakuna nesi aliyepita. Hakuna mlango uliofunguka. Watu walisubiri kwa utulivu wa watu walioambiwa wasubiri. Mmoja alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi. Ndipo Brashi akaukumbuka ukuta. Kibao kile kilitakiwa kukaa nje ya chumba cha daktari, lakini ukuta wa kule ulikuwa na nyufa na mabomba, rangi imebambuka. Huu wa huku, wa mbele ya stoo ya mashuka, ulikuwa umepakwa chokaa juzi tu, na dirisha linaumwagia mwanga. Alikitundika hapa. Alikipiga hata picha.

Watu hawa wote walikuwa wakiyasubiri mashuka.

"Mama," akasema, "labda tuulize."

"Tuulize nini na kibao kimeshasema?"

"Vibao vingine huwa..."

"Huwa nini? Aliyeandika hapa ana akili zake, mwanangu. Hawezi kumwambia mtu mzima akae hapa kwa kujifurahisha tu. Tulia."

Mzee wa kitambaa akapiga mwayo. "Watuite haraka lakini. Daktari wa mifupa akiondoka leo mchana, mpaka mwezi ujao."

Mama akalitazama goti lake. Akaliwekea mkono juu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mkono ule ulimchoma Brashi kuliko maneno. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasahau habari ya harusi.

"Nakwenda chooni mara moja," akasema, na akakata kona kwa mbio ambazo choo hakijawahi kuziona.

Chumba cha daktari alikijua. Nesi alikuwa mlangoni, faili mkononi, anapaza sauti kwenye ukumbi mtupu. Jina aliloita, la kwenye orodha ya miadi, lilikuwa la mama.

"Yupo!" Brashi akahema. "Yupo, dada! Wako wengi!"

"Wako wapi? Nimeita mpaka koo limeota kutu. Daktari anafunga mkoba."

"Wako kwenye... kuna kibao upande wa stoo, kinasema..."

"Kile cha mbele ya mashuka?" Nesi akajipiga paji la uso. "Hivi aliyekitundika pale alitaka tutibu mito? Walete upesi, kaka. Daktari nitamshika koti."

Brashi akanyakua kiti cha magurudumu kilichoegeshwa karibu, akakisukuma mbio.

"Wote wa mifupa, nifuateni! Msisome chochote, nifuateni mimi!"

Mama akakalishwa kitini, mzee wa kitambaa nyuma yake, aliyelala akaamshwa, magongo yakagonga sakafu. Msafara ukaenda. Njiani kila mlango uliwaambia watumie mwingine, na hakuna aliyeusikiliza. Daktari alishikwa koti kweli. Akamwona mama, akawaona wote.

Mama alipotoka goti lilikuwa limefungwa bandeji safi na uso umefunguka. Akakaa kwenye benchi la nje ya chumba, chini ya ukuta wenye nyufa, akamvuta Brashi akae karibu. Hakuwahi kumvuta hivyo.

"Kijana, leo umenibeba. Nimekuona ulivyohangaika, na si kwa ajili yangu tu. Binti yangu ana macho."

Hapo, msomaji, mlango ulikuwa wazi. Neno moja la kweli lingepita na kukaa. Lakini sifa zikishapanda kichwani hutaka kusogezewa kiti.

"Mama, mimi nimeudhika sana na mafundi wa siku hizi," Brashi akasema, akikunja nne. "Huyo aliyeandika vibao hivi nasikia ni mlevi mmoja anakaa kule sokoni. Hana hata elimu. Kibao lazima kimwambie mtu: nani asubiri, asubiri nini, mlango upi. Mimi ningeandika wazi, mgonjwa asizunguke."

"Maneno hayo," mama akaitikia. "Mlevi! Sishangai."

"Brashi ya rangi ikiingia mkononi mwa mtu asiye na moyo..." Brashi akaendelea.

"Fundi! Kumbe bado upo!"

Alikuwa dada wa usafi, ndoo mkono mmoja, na kwapani kibao cha bluu chenye kivuli cheupe.

"Nesi kaniambia nikishushe hiki kibao, kitundikwe huku. Nikamwambia, fundi wake namjua, mimi ndiye niliyemshikia ngazi siku ile. Nilimuuliza, fundi, hapa stoo atasubiri nani? Akanijibu, dada, huu ndio ukuta mzuri, mengine wataelewa." Akakiweka kibao mapajani mwa Brashi, akampa mama tabasamu. "Mwanao ana mkono, mama. Ona herufi hizo."

Mama akavaa miwani. Akasoma kibao chote, maneno yake matatu, bila haraka. Kisha akaivua, akamgeukia Brashi, ambaye alikuwa akijaribu kukifunika kibao kwa viganja vyote viwili.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Huyo mlevi, ulisema anakaa sokoni upande gani?"